Goti la Mbwa

"Mbwa naye hupasuliwa goti?" Maneno haya aliniambia shangazi yangu jioni moja, aliponikuta nimechutama uani nikimkanda mbwa wetu mguu kwa maji ya moto. Hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza kama mtu aulizavyo iwapo kuku huvaa viatu. Nilinyamaza, kwa kuwa shangazi ni dada ya baba, na kwetu mtu hashindani kwa maneno na dada ya baba yake. Tena nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Miaka kadhaa imepita tangu jioni ile. Sehemu ya jibu nimeipata, na ndiyo nitakayowaeleza vijana wasomao ukurasa huu, maana swali la shangazi halikuwa dogo kama lilivyosikika. Ndani yake mlikuwa na swali lingine: mtu ana deni gani kwa mnyama aliyemtumikia, siku mnyama huyo asipoweza kutumika tena?

Mbwa mwenyewe jina lake Simba, kama waitwavyo mbwa wengi wa nchi hii ambao hawajapata kumwona simba. Wakati ule alikuwa na uzito wa kilo 32. Kazi yake ilikuwa kulinda nyumba tatu za walimu zilizo pembeni mwa shule yetu, karibu na mashamba ya kahawa. Mshahara wake ulikuwa ugali uliobaki na mifupa ya Jumapili. Kwa miaka sita hakuna aliyevunja mlango wala kuiba kuku katika nyumba zile. Kisha usiku mmoja wa mvua aliruka mtaro akimfukuza mtu, akalia mara moja tu, akarudi kwa miguu mitatu. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake, mguu wa nyuma wa kulia ukigusa ardhi kwa ncha za kucha, kama mtu ajaribuye maji ya mto kabla ya kuvuka.

Sharti kwanza nieleze kilichoharibika, kwa sababu mtu hawezi kuamua haki ya jambo asilolijua. Goti la mbwa limeundwa karibu sawa na letu. Mfupa wa paja hukaa juu ya mfupa wa muundi, na mbele yake pana pia ya goti. (Kamusi zetu huiita pia hiyo kilegesambwa, na asiyemsikia mbwa ndani ya neno hilo ana masikio mazito.) Katikati ya mifupa hiyo miwili mna kano mbili zinazokingamana, nazo ndizo zizuiazo mfupa mmoja usiteleze juu ya mwingine. Ile ya mbele ndiyo ikatikayo mara nyingi. Ikikatika, daktari hushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, na muundi huja mbele kama mtoto wa meza avutwavyo. Tena zimo gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, zilizowekwa kama mito kati ya mfupa na mfupa. Goti likiendelea kuteleza, gegedu hizo husagwa na kupasuka.

Lakini pana tofauti kubwa kati ya mbwa na mchezaji wa mpira. Mchezaji hukatika kano kwa ajali moja, naye dakika iliyotangulia alikuwa mzima. Mbwa mara nyingi sivyo. Yeye husimama magoti yakiwa yamekunjika daima, na kichwa cha mfupa wake wa muundi kina mteremko kuelekea nyuma, hata kila akanyagapo, uzito wa mwili husukuma muundi mbele na kano ndiyo izuiayo. Kano huchakaa uzi baada ya uzi, kwa miezi na miezi, kama kamba ya kisima; na siku ya kuruka mtaro huwa siku ya uzi wa mwisho tu. Ndiyo maana mbwa waliokatika kano ya goti moja, kwa kadiri ya nusu yao, hukatika ya goti la pili baadaye. Daktari aliponieleza hayo niliona haya. Nilikumbuka kwamba tangu masika yaliyotangulia Simba alikuwa akiamka kwa uzito, na akiketi huunyosha mguu ule upande badala ya kuukunja chini yake. Mimi nilisema ni uvivu.

Hata hivyo sikumpeleka kwa daktari siku ile alipoumia, wala wiki ile. Nilingoja miezi minne. Ningependa kusema kwamba nilikosa fedha, lakini nikisema hivyo nitakuwa nimewadanganya. Akiba kidogo nilikuwa nayo. Sababu ilikuwa maneno ya watu. Mwalimu ampakiaye mbwa garini kumpeleka hospitali, ilhali mzee jirani yake huenda zahanati kwa miguu, atasemwa, na kusemwa kwake kutafika mpaka kwenye chumba cha walimu. Niliogopa kuambiwa kwamba nimejifanya Mzungu. Nikajiambia kwamba mbwa ni mnyama na mnyama hujiponya, nikauita woga wangu hekima. Katika miezi hiyo minne msuli wa paja lake ulinywea hata mifupa ikaonekana, na goti likaingia baridi yabisi, ugonjwa ambao ukishaingia hauondoki. Goti lilipofunguliwa hatimaye, gegedu moja ilikutwa imechanika. Daktari hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, angekuja mapema, kazi ingekuwa nyepesi." Hakusema "ungemleta". Nadhani ilikuwa adabu yake.

Watu wengi hudhani upasuaji wa namna hii ni anasa iliyozuka jana. La. Mwaka 1952, huko Helsinki katika nchi ya Ufini, Saki Paatsama alitoa kitabu cha utafiti wake juu ya kano za goti la mbwa. Yeye alikata ukanda katika utando mgumu unaofunika misuli ya paja, akatoboa matundu katika mifupa, akaupitisha ukanda huo mahali pa kano iliyokatika. Wazo lilitoka kwa wanadamu: Hey Groves wa Bristol, Uingereza, alikuwa ameeleza upasuaji kama huo kwa magoti ya watu mwaka 1917. Basi ujuzi ulitoka kwa mtu ukaenda kwa mbwa. Baadaye tutaona kwamba ulirudi pia, na kwa bei gani.

Huko Marekani, DeAngelis na Lau mwaka 1970, kisha Gretchen Flo mwaka 1975, walieleza njia nyepesi zaidi. Hawakutengeneza kano mpya ndani ya goti. Walilifunga goti kwa nje kwa uzi mgumu, na katika njia ya Flo uzi huo hutoka kwenye kifupa kidogo kilicho nyuma ya paja hadi kwenye tundu lililotobolewa katika muundi. Uzi utumiwao sana siku hizi ni wa nailoni, ndugu wa mshipi wa wavuvi wa samaki wakubwa. Jambo hili lilinifurahisha kuliko yote niliyoambiwa, maana nilijiona nimekaa Lamu na si hospitalini. Uzi wenyewe hautazamiwi kudumu. Baada ya miezi hulegea au hukatika. Lakini kufikia wakati huo mwili umekwisha kujenga kovu nene kuzunguka goti, na kovu ndilo lishikalo.

Kisha akatokea Barclay Slocum wa Oregon, Marekani, akauliza swali lingine kabisa. Ikiwa shida ni mteremko wa mfupa, kwa nini tushindane nao kwa kamba? Mwaka 1993 ulielezwa upasuaji wake: kichwa cha muundi hukatwa kwa msumeno wa duara, kikazungushwa mpaka mteremko wa digrii 20 na zaidi ushuke hadi digrii 5 au 6, kisha kikakazwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kano hairudishwi, linaloondolewa ni hitaji la kuwa nayo. Njia nyingine iliyoanzia Zurich, Uswisi, mwaka 2002, kwa kazi ya Montavon na Tepic, husogeza mbele sehemu ya mfupa inayoshika kano ya pia ya goti, ikafikia lengo hilohilo.

Msomaji ataniuliza ipi iliyo bora. Mbwa mkubwa aliyekatwa mfupa kwa kawaida hurudia kukanyaga vizuri zaidi kuliko aliyefungwa uzi. Lakini kazi hiyo hutaka vyombo na mabamba na daktari aliyejifunza hasa kuifanya, na bei hupanda. Mbwa mdogo, wa chini ya kilo 15, mara nyingi hupata nafuu kwa kupumzishwa na kupunguzwa unene, pasipo kisu. Wala hakuna njia hata moja iizuiayo baridi yabisi isiendelee. Nilipoulizwa nataka ipi, nilijibu ile ya uzi. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Basi turudi kwa shangazi. Wako wenye hekima waliokubaliana naye, angalau kwa nusu. Immanuel Kant, Mjerumani aliyefundisha katika mji wa Königsberg miaka 200 na zaidi iliyopita, alisema kwamba wajibu wetu kwa wanyama kwa kweli ni wajibu kwa wanadamu: amtendeaye mbwa ukatili huuzoesha moyo wake ukatili, na kesho atamtendea mtu. Kant huyohuyo alisema kwamba mbwa aliyetumika kwa uaminifu, akizeeka, bwana wake yampasa kumtunza mpaka afe. Hoja hii huwafaa sana walimu, na mara nyingi nimewatolea wavulana warushao mawe. Lakini usiku nikiwa peke yangu hainitoshi. Ikiwa ninamtunza Simba kwa ajili ya usafi wa moyo wangu tu, basi ningeweza kumpeleka akateseke mahali nisipomwona, na moyo ukabaki safi. Maumivu yalikuwa gotini mwake, hayakuwa katika tabia yangu.

Mwingereza Jeremy Bentham alikaribia zaidi. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1789 alisema kwamba la kuuliza juu ya wanyama si kama wanafikiri, wala kama wanasema, bali kama wanaumia. Nalikubali neno hili, na bado naona limeacha kitu. Mbwa koko wa sokoni naye huumia, wala sijapata kutoa senti kwa ajili ya goti lake. Kwa nini Simba? Kwa sababu Simba alinitumikia nami nikaupokea utumishi wake. Kila usiku niliolala bila kuamka kutazama mlango nilikopa kwake. Yeye hakuandika deni, kwa kuwa hana kalamu. Lakini deni halifutwi na ujinga wa mwenye kudai. Hata hapa nchini sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, hukataza kumpiga mnyama ovyo na kumtesa, nayo hufanya vyema. Sheria huonyesha mahali ambapo mtu asishuke chini yake. Haituambii deni letu ni kiasi gani.

Lugha yetu yenyewe ina nia mbili juu ya jambo hili. Twasema kiti kimevunjika, mlango umevunjika, lakini mbwa ameumia, kwa kiambishi kilekile tumpacho jaji au askofu. Kisha mtu akitukosea twamwita mbwa. Twasema fadhila za punda ni mateke, wala hatuna methali ya mateke ayapatayo punda. Najua kwamba sarufi si hoja ya maadili. Nalitaja kwa sababu mwalimu wa lugha hawezi kupita penye jambo kama hili akanyamaza. Na huko pwani, ambako Waislamu wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na mtu huosha mara saba chombo kilichorambwa, watoto wa chuoni husimuliwa pia hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mambo hayo mawili hukaa katika nyumba moja bila kugombana. Kumbe mtu aweza kutomtaka mbwa mkekani mwake, na bado akajua kwamba kiu ya mbwa ni kiu.

Sasa nifikie hoja iliyo nzito, ambayo shangazi hakuitaja lakini kila mtu aliijua. Mwezi uleule mmoja wa wanafunzi wangu, mvulana wa kidato cha pili, alikuwa nyumbani kwa kukosa karo. Fedha iliyonunua uzi wa nailoni ingemrudisha darasani na kumweka muhula mzima. Wengi walionisema hawakuwa wamemkumbuka mtoto huyo siku waliponunua televisheni mpya, na ningeweza kuwajibu hivyo. Lakini jibu la namna hii humfunga mtu mdomo tu, hoja ikabaki pale pale imesimama. Unafiki wa mwenye kusema kweli hauigeuzi kweli kuwa uongo.

Nilijitetea kwa hoja hii: mvulana yule ana sisi sote. Ana wazazi, ana ukoo, ana walimu ishirini na mmoja, ana serikali yenye mfuko wa karo. Mbwa ana mimi. Nikikosa mimi, hakuna wa pili. Naamini hoja hii ina nguvu, na kwamba wajibu hauendi tu kwa aliye bora, huenda pia kwa aliye mikononi mwako. Lakini kila aliyekulia kijijini anajua kwamba "sisi sote" mara nyingi maana yake ni hakuna mtu. Walimu tulichanga, mvulana akarudi baada ya siku tisa. Mchango wangu ulikuwa theluthi ya nilichompa daktari wa mbwa. Hesabu hiyo sijaipatanisha moyoni mpaka leo, wala sidhani kwamba ni vizuri niipatanishe upesi.

Nakubali hili: kama mvulana yule asingekuwa na mtu mwingine, au kama mtoto wa nyumbani mwangu angekuwa kitandani akingoja dawa, uzi ule haukustahili kununuliwa, na Simba angengoja. Lakini hata hapo nisingekuwa nimetoka deni. Ningewiwa kitu kingine: kamba ya kumzuia asikimbie, mahali pakavu pa kulala, chakula kidogo ili uzito upungue, dawa ya maumivu, na kama maumivu yangemshinda, sindano ya daktari, alale asiamke. Nilipokuwa mdogo nilimwona mbwa wa jirani aliyevunjika mguu akimalizwa kwa rungu nyuma ya zizi. Alikuja mwenyewe alipoitwa, akitikisa mkia. Aliyemwita alikuwa mtu mwema, mtoa sadaka, naye baadaye alikaa kitako muda mrefu bila kusema na mtu. Naona alijua kwamba umaskini ulimpa ruhusa ya kutomtibu mbwa yule, lakini haukumpa ruhusa ya kumtendea hivyo.

Yapo mambo mengine niliyoyajua baada ya upasuaji, nilipoanza kusoma. Mwaka 1973 watafiti wawili, Pond na Nuki, walieleza jinsi walivyokata kano ya goti la mbwa wazima, kwa makusudi, ili watazame jinsi baridi yabisi inavyoanza. Walifanya hivyo ili waelewe ugonjwa unaowatesa watu, na njia yao ikatumiwa na watafiti wengine kwa miaka mingi. Kitu kilekile kilichompata Simba mtaroni, wenzake walitendewa mezani. Siwatukani watafiti hao. Ugonjwa ule hufanya mamilioni ya watu washindwe kupanda ngazi. Shangazi yangu ni mmoja wao. Magoti yake humuuma kila asubuhi ya baridi, na sehemu ya elimu aliyo nayo daktari wake ilitoka katika magoti ya mbwa.

Hilo nilimweleza, siku aliyokuja tena na kumkuta Simba amenyolewa mguu na kushonwa. Nilidhani nimepata jibu langu mwishowe. Nikasema, "Shangazi, uliniuliza kama mbwa hupasuliwa goti. Hupasuliwa. Wamekwisha kupasuliwa wengi kwa ajili ya goti lako." Alinitazama, akamtazama mbwa. "Na hao waliulizwa?" akasema. Nikajibu kwamba hawakuulizwa. "Na huyu wako, ulimwuliza?"

Tangu siku ile nimemheshimu shangazi kwa namna mpya. Maana neno lake liligusa mahali ambapo sisi tuwapendao wanyama hatupendi kupatazama. Mtu akubalipo kupasuliwa, huyakubali maumivu kwa ajili ya kesho, na tumaini la kesho humsaidia kuyabeba. Mbwa, kwa kadiri tuwezavyo kuona, hana kesho ya namna hiyo. Simba alizinduka katika dawa ya usingizi akiwa na mguu uliovimba, katika nyumba asiyoijua, akalia usiku kucha. Kwake yeye mimi nilimpeleka mahali akaumizwa, kisha nikamrudisha. Sababu yote ilikuwa kwangu; kwake palikuwa na maumivu matupu. Ikiwa ndivyo, basi mwenye kuagiza kisu amebeba sababu ya watu wawili, na haimpasi kuiweka chini mara tu akisha kulipa.

Kulipa kwenyewe, niliona, ndiko kulikokuwa rahisi. Baada ya kufungwa uzi, mbwa hatakiwi kukimbia, wala kuruka, wala kupanda ngazi, kwa wiki nane au zaidi. Hutembezwa kwa kamba, dakika tano tano, kisha kumi, polepole, ili msuli urudi na uzi usikatike kabla kovu halijashika. Yeye hajui sababu. Kila amwonapo paka hutaka kuruka. Kwa wiki kumi niliamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kusimamia masomo ya asubuhi, nikamzungusha uani gizani kama mfungwa na askari wake, wala sikujua mfungwa ni yupi. Mtu mmoja nimjuaye alilipa fedha nyingi kuliko mimi, ya njia ya msumeno na bamba, kisha wiki ya tatu akasafiri, akamwacha mbwa na kijana wa kazi ambaye hakuelezwa lolote. Mbwa alifunguliwa, akakimbia, skrubu zikang'oka katika mfupa uliokuwa haujaunga. Akapasuliwa mara ya pili. Yule kijana ndiye aliyelaumiwa.

Simba alitembea. Hakurudi kuwa kama zamani, kwa sababu ya ile miezi minne. Asubuhi za Julai alichechemea mpaka jua lilipopanda. Lakini alikanyaga kwa miguu minne, akalinda, na mara mbili nilimwona akichimba shimo bustanini kwa furaha ya mbwa mzima. Shangazi alikuwa akija, akimpita bila neno.

Baada ya miaka mitatu lilikatika goti la kushoto. Mara hii sikungoja hata siku moja. Nilimpakia garini mchana, saa ya mapumziko, wanafunzi wote wakitazama. Daktari alimpima goti, akampima na moyo, akausikiliza moyo ule muda mrefu. Simba alikuwa na umri wa miaka kumi na kitu. Moyo ulikuwa umechoka. Dawa ya usingizi ingeweza kuwa usingizi wa mwisho, na hata akipona, wiki za kufungwa zingekuwa sehemu kubwa ya maisha aliyobakiza. Nilikuwa na fedha safari hii, nilikuwa nimeziweka kwa ajili hiyo. Nilirudi nyumbani nazo, pamoja na vidonge vya maumivu na maagizo ya kumpunguza kilo nne.

Shangazi alikuja Jumamosi. Alimwona amelala sakafuni ukumbini, mguu wa kushoto ameunyosha upande. "Hili la pili hulipasui?" akauliza. Safari hii aliuliza ili ajibiwe. Nikamweleza habari ya moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akaondoka. Jioni alirudi na gunia la kahawa lililojazwa manyasi makavu, akalitandika karibu na mlango kwa mguu wake, asiliguse kwa mkono wala asimguse mbwa. Alisema saruji ni baridi mno kwa mwenye magoti mabovu.